Simu ndani ya Koti la Sabato

Wiki ya sita baada ya mazishi, simu ya Sagini ililia kabatini. Nyamoita, mjane wake na mama wa binti yao Valary, aliitoa ndani ya koti la Sabato. Haikuwa na laini wala chaji. Kwenye kioo paliandikwa: MNARA WA TATU. UMEME UNARUDI BAADA YA DAKIKA KUMI. Nyumba ikanuka majani ya chai yaliyoungua.

Sagini alikuwa fundi wa mtandao katika kiwanda cha chai karibu na Merigi. Mitambo ikipata shida, ujumbe wa tahadhari ulikuja kwenye simu yake. Kila Ijumaa kabla jua halijazama, aliuelekeza kwa mwenzake Kimotho, ili aishike Sabato. Kimotho alimtania, "Nenda ukasali, Pasta. Sisi wenye dhambi tutalinda minara." Jumapili asubuhi Kimotho aliurudisha kwa Sagini.

Jumapili moja umeme ulipotea, Sagini akapanda mnara wa tatu kubadilisha waya. Umeme ulirudi akiwa juu, ukamuua, na simu yake haikuwa imelia. Kimotho alibeba jeneza. Alimwambia Nyamoita kwamba mtambo haukutuma kitu.

Sasa ujumbe ulikuja kila siku saa tisa alasiri, na baada yake miguu ilisikika juu ya mabati, ikipanda polepole mahali pasipo na ngazi. Nyamoita alijua, kama Biblia isemavyo, kwamba wafu hawajui neno lolote. Kwa hiyo aliyekuwa huko juu hakuwa mume wake, na hilo ndilo lililomtoa jasho.

Ijumaa, ukungu ukiwa umeshuka hadi kwenye majani ya chai, alikwenda ofisini kwa Kimotho na ile simu kifuani, harufu ikimfuata njia nzima kama mtu anayetembea nyuma yake bila kupumua, akamwomba afungue kwenye kompyuta ukurasa unaoonyesha kila ujumbe ulikopelekwa.

Kimotho alifungua. Jumapili ile, saa tisa kamili. Umetumwa. Umesomwa. Namba ilikuwa ya Kimotho.

"Ulisoma," Nyamoita alisema.

"Nilisoma, Mama Valary. Nilikuwa natazama mpira. Nilidhani na yeye ameupata. Nilisahau sijamrudishia."

"Ulikula kwangu wiki nzima ya matanga."

Saa ya ukutani ilifika tisa, na simu ya marehemu ikalia katikati yao.

Nyamoita aliiweka mezani, akafumba macho. "Bwana, ujumbe huu haukuwa wangu. Uelekeze kwa mwenyewe."

Kioo kikazimika. Harufu ikatoka kwenye nguo zake, akaisikia ikipita, ikivuka meza. Kisha mfuko wa Kimotho ukalia. Alitoa simu yake, akasoma, akainua uso taratibu kuelekea mabati, ambako miguu ilikuwa imeanza kupanda.

"Mama Valary," alinong'ona, "usiniache."

Nyamoita alitoka, akafunga mlango polepole. Alitaka kufika nyumbani kabla jua halijazama.