Mlango wa Jani na Mlango wa Unyoya

Kila Jumamosi asubuhi Jagna na bibi yake walitoka pamoja kwenda mjini. Bibi Wacława alikuwa amepita miaka themanini, lakini miguu yake ilikuwa bado na nguvu na mdomo wake ulikuwa na nguvu zaidi. Alibishana na muuza kabichi mpaka wote wawili wakacheka, akanunua mkate mweusi na keki ya jibini, akasalimiana na nusu ya mji wa Kielce. Jagna alikuwa na miaka kumi na miwili, na hakuna siku aliyoipenda kama Jumamosi.

Jumamosi moja ya Novemba waliingia katika jengo jipya la maduka kutafuta viatu vya baridi vya Jagna. Walipovipata, Bibi akataka kwenda msalani. Hapo ndipo taabu ilipoanza. Vibao vilikuwa vidogo, maandishi ya dhahabu juu ya ukuta mweupe, hata kijana angekodoa macho. Mshale mmoja uliwapeleka mpaka kwenye duka la manukato ukawaacha hapo. Walizunguka ghorofa nzima.

"Jagna, mjukuu wangu, harakisha," Bibi alinong'ona. "Mimi siwezi kungoja kama zamani."

Mwishowe wakaiona milango miwili mwishoni mwa ujia. Huku kwetu Poland, shuleni, hospitalini na stesheni, mlango wa choo cha wanawake una duara na wa wanaume una pembetatu. Mtoto wa chekechea anajua hivyo. Lakini hapa mlango mmoja ulichorwa jani, na wa pili unyoya. Basi, hakuna neno hata moja! Ni nani, jamani, aliyekaa mezani akaona hilo ni jambo la busara?

Bibi akachagua jani.

Mara kikasikika kicheko cha wanaume. "Bibi, umepotea au unatafuta mchumba?" mmoja alipaza sauti. Mlinzi akaja mbio. "Wewe mama, huoni alama? Toka huko!" Bibi alitoka uso umemwiva, akisema, "Samahanini, wanangu, samahanini."

Wakati huohuo Otylia, msichana wa darasa moja na Jagna, alikuwa akipita na dada yake. Walikuwa wakicheka. Jagna akageuka, akajifanya anatazama mikoba dirishani, kana kwamba yule bibi hakuwa wake.

Jumamosi iliyofuata Bibi hakutoka nyumbani. Wala iliyofuata hiyo. "Macho yamekwisha, na akili nayo inakwisha," alisema. "Nenda na mama yako. Mimi nitakaa hapa."

Jagna alikasirika mpaka akashindwa kula. Bibi aliyejua mji mzima, leo anaogopa mlango wa choo! Alimweleza mama yake kila kitu, isipokuwa habari ya dirisha la mikoba, kisha akamshika mkono wakaenda kumwona meneja wa jengo, Bwana Gorczyca.

Meneja aliwapokea kwa tabasamu. "Alama zetu zilibuniwa na mtaalamu kutoka mji mkuu, Warszawa," alisema. "Zinasifiwa sana. Wazee wakichanganyikiwa kidogo, mama, hilo ni la kawaida."

"Bibi yangu hajachanganyikiwa!" Jagna alisema kwa sauti iliyomshtua hata yeye mwenyewe. "Anajua duara na pembetatu tangu wewe hujazaliwa. Njoo tusimame pale mlangoni, uone mwenyewe."

"Jagna, adabu," mama yake alisema. Lakini akainuka naye, akamtazama meneja mpaka meneja naye akainuka.

Walisimama ujiani. Kijana mmoja aliingia kwenye unyoya huku macho yakiwa kwenye simu, akatoka mbio kama aliyekanyaga moto. Bibi arusi mtarajiwa na rafiki zake walichungulia jani, wakapiga kelele wakarudi nyuma. Kisha akaja mama mwenye mtoto anayelia. "Bwana, tafadhali, cha wanawake ni kipi? Mtoto amebanwa!"

Meneja akatazama jani. Akatazama unyoya. Akatazama tena jani.

"Mimi... mimi hutumia cha ofisini," alisema.

"Basi wewe ndiye hujui kusoma alama," Jagna alimwambia. Yule mlinzi aliyemfokea Bibi, aliyekuwa zamu hapo, akainamisha uso.

Wiki hiyohiyo milango ikawekwa duara na pembetatu, nyeusi na kubwa, na mishale ikapandishwa mahali inapoonekana na kila mtu. Jagna hakuridhika. Alidai meneja aje kuomba radhi mwenyewe, naye akaja, kofia mkononi. Bibi alimwambia avue viatu mlangoni kama mgeni yeyote, akammiminia chai.

"Mwanangu," alimwambia, "ukitundika alama, umempa mtu ahadi kwamba utamfikisha. Akipotea kwa alama yako, kosa ni lako. Usimcheke, wala usimwambie amezeeka. Rekebisha alama."

"Nimeelewa, bibi. Nisamehe."

Meneja alipoondoka, Jagna alibaki ameshika kikombe kitupu. "Bibi, siku ile mimi niliku..."

"Uligeukia dirisha. Nilikuona."

Jagna akaanza kulia. Bibi hakumnyamazisha haraka.

"Kwa kukosea mlango, mjukuu wangu, ningejicheka mwenyewe mpaka nyumbani," alisema. "Nilipotoka nilikutafuta wewe, nikaona mgongo wako. Hiyo ndiyo iliyonifungia ndani. Mtu wako akichekwa, sogea karibu naye. Hata kama amekosea kweli, sogea."