Jibu la Zaina

Kisomatabaka, mashine ya kusoma karatasi zilizogandamana, kilikuwa kikikoroma taratibu, kama paka aliyeshiba. Ndani ya tumbo lake la kioo lilikaa bonge jeusi la karatasi. Hayo ndiyo yaliyobaki ya gazeti la Sauti ya Gati, nakala zake zote zimeshikamana kama chapati zilizolala, baada ya maji ya bahari kuingia ghalani. Mashine haikulifungua bonge hilo. Ilipitisha miale ukurasa kwa ukurasa, ikatambua wino ulipokaa, na ukutani Tanga ya kale ikaanza kujipanga: meli zilizotia nanga, bei ya katani, tanzia, na ule ukurasa wa mashairi ambao wenyeji waliusoma kabla ya hotuba za wakubwa.

Palipoliwa na maji, mashine ilikisia. Ilikwisha kukariri uandishi wa gazeti zima, basi kujaza pengo kwake ilikuwa rahisi kama kumsukuma mlevi. Mwanzoni maneno ya kukisia yalitoka kwa rangi ya kijivu. Wakubwa wa jiji wakalalamika kwamba kurasa zina mabaka, na maonyesho ya historia ya magazeti yamekaribia. Mhandisi Stara Shemdoe, aliyeiunda mashine, akabisha kidogo, kisha akaiondoa rangi ile. Huko kubisha kidogo ndiko kulikomponza.

Siku ya maonyesho aliingia Mzee Mwinshehe, baharia mstaafu, juu ya kiti kinachotembea chenyewe.

"Shikamoo, babu," Stara alimwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimekuja kuchukua jibu langu."

Akamweleza. Ujanani alimposa Zaina kwa shairi, gazetini, mbele ya mji mzima. Zaina naye alikuwa mshairi wa ukurasa uleule, na desturi ilikuwa shairi hujibiwa palepale lilipotolewa. Meli yake Mwinshehe ikang'oa nanga kabla jibu halijatoka.

"Si ungeuliza watu, babu?"

"Niulize! Mji mzima umesoma, mimi ndiye nizunguke nikiuliza kama nimekataliwa? Nilisubiri salamu, kimya. Nikasema, basi, hanitaki. Nikabaki ughaibuni mpaka nikasikia ameolewa Pangani. Sasa yeye hayupo, na waliosoma hawapo. Nataka kujua tu, nife nikijua."

Stara akalitafuta toleo lililofuata lile la posa. Shairi lenye jina la Zaina likatokea ukutani, jeusi, safi, na mwisho wake ulisema:

*Ombi lako nimepata, nalipokea moyoni,*
*Nangoja pasi kusita, rudi upesi nyumbani.*

Stara alitabasamu. Mzee akasoma, akarudia, halafu akalia, wala hakikuwa kilio cha furaha.

"Kumbe alikuwa akiningoja," alisema. "Alikuwa akiningoja, na mimi nimekaa bandari za watu nimenuna! Nimemfanyia nini mtoto wa watu?"

Mzee akaunyooshea kidole ukuta.

"Na vitazame vina vyake, ni vilevile vya shairi langu, na mizani imetimia. Zaina mizani ilimshinda tangu siku ya kwanza. Mhariri alimtania kwamba mishororo yake inachechemea. Hii imenyooka yote. Alijifunza kwa ajili yangu."

Hapo Stara akaikumbuka rangi aliyoiondoa. Aligeukia mitambo akairudisha rangi ya kijivu. Shairi zima, tangu kichwa mpaka jina la mtunzi, likageuka kijivu. Hapakuwa na hata chembe ya wino wa Zaina pale. Mashine ilichukua vina vya Mwinshehe mwenyewe ikamjibu navyo, maana ilifundishwa kunyoosha mizani, haikufundishwa kuchechemea.

Alitamani ardhi ipasuke immeze. Akiwa na uchungu na aibu, alipiga magoti kando ya kile kiti.

"Babu, nisamehe. Haya si maneno yake. Mashine imeyabuni, na mimi ndiye niliyeificha alama ya kukuonya. Jibu lake limeliwa na maji. Kama alikubali au alikataa, hapana ajuaye."

Mzee akajifuta macho kwa upindo wa kanzu.

"Lifute."

Stara akalifuta. Ukuta ukabaki mtupu.

"Limefutika, babu."

Lakini midomo ya mzee ilikuwa ikicheza. Stara akainama kusikiliza, akamsikia akinong'ona: nangoja pasi kusita, rudi upesi nyumbani.

"Huko kwako limefutika," alisema Mzee Mwinshehe. "Mimi shairi nikilisoma mara moja halitoki. Zamani nilikuwa nimekataliwa, mjukuu wangu, na nilikwisha kuzoea. Sasa huyu anayeningoja nitamwambia nini?"