Anayesikiliza Nyuma ya Pazia

Jumamosi ile Fundi alifungua duka lake la ushonaji kama kawaida. Alifagia vipande vya nyuzi, akapiga pasi sketi tatu zilizokuwa zikisubiriwa na wenyewe, akafunika cherehani zote mbili, na ilipofika saa nane na nusu mchana akageuza kibao cha mlangoni kisomeke "Tumefunga". Kisha akapanga viti vitano kwa duara katikati ya chumba. Akasimama akavitazama. Akaondoa kimoja. Halafu akakirudisha.

Mtaa mzima ulikijua kikundi chake, na nusu ya mtaa ilikicheka. Kwa mwaka wa tatu sasa, kila Jumamosi alasiri, watu wazima na akili zao walikaa katikati ya marobota ya vitambaa wakisomeana riwaya za vijana: mazimwi, miji iliyozama ziwani, wasichana wa miaka kumi na sita wanaopindua wafalme. Kilianzishwa na Fundi na rafiki yake wa tangu utotoni, ambaye alikuwa nesi. Baadaye akaja Mwalimu, mstaafu wa hisabati, aliyeingia siku moja akidai anapisha mvua na hakuondoka tena. Akaja Kinyozi wa duka la jirani, pande la mtu, ambaye joka likifa kitabuni hujifanya anapenga mafua. Mwisho aliingia binti wa Nesi, waliyemwita Chiriku kwa vile alivyokuwa akisoma bila kumeza mate.

Nesi alikuwa amefariki wiki saba zilizopita. Homa ya siku nne, basi. Walikuwa katikati ya juzuu ya tatu ya riwaya waliyoipenda kuliko zote, ile ya Ilwena na joka lake lisiloweza kuruka. Hata kitandani hospitalini alikuwa akiwatishia.

"Endeleeni bila mimi," alisema kwa sauti iliyokwisha kukauka. "Lakini nikirudi, ole wake atakayenidokeza mwisho."

Hakuwa akitania. Kinyozi aliwahi kuropoka mwisho wa juzuu ya pili, na Nesi akakaa wiki mbili hajibu salamu yake.

Kwa hiyo Jumamosi hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza tangu msiba. Chiriku alisema atasoma yeye. Alisoma polepole, tofauti na kawaida yake, akafika mahali ambapo Ilwena anauona mji wa Tharumi kwa mara ya kwanza. Akalitamka jina hilo haraka, akapita.

"Tha-ruu-mi," sauti ilimsahihisha. "Vuta hapo katikati, mwanangu."

Nesi ndiye aliyekuwa akiwaamulia majina yote ya vitabuni yatamkwe vipi, na sauti ile ilikuwa yake. Ilitoka nyuma ya pazia la kijani kwenye kona, mahali ambapo wateja hujaribia nguo.

Mwalimu aliinuka. Akalivuta pazia kwa ncha ya mwamvuli wake. Kulikuwa na stuli, kioo kirefu cha ukutani na mto wa pini. Akalirudisha pazia, akaketi.

Habari hazina miguu lakini zilifika. Jumatano mama yake Nesi, bibi yake Chiriku, alikuja dukani asubuhi na mapema. Hakuketi.

"Mwanangu mmemsomea vitabu vya wachawi mpaka ameondoka," alisema. "Sasa mnataka na mjukuu wangu?"

"Mama, kilichomuua ni homa," Fundi alimjibu kwa adabu, lakini bila kuinamisha macho. "Vitabu ndivyo vilivyokuwa vikimchekesha."

Bibi alimtazama. Midomo yake ilikuwa ikicheza kama mtu anayehesabu.

"Haya. Mimi nimesema. Lakini mkisikia anajibu mtu ambaye hamkumwalika, fungeni kitabu. Kifungeni na mtoke nje."

Alipoondoka, Fundi alikaa mbele ya cherehani yake na kushona mshono mmoja mara tatu, na mara zote tatu ukaenda upande. Alikuwa anaogopa, hilo hakulificha. Lakini alijua pia kwamba wakikifunga kitabu sasa hawatakifungua tena. Na wasipokifungua, atakuwa amemzika rafiki yake mara ya pili, safari hii kwa mikono yake mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata walifika wote. Mwalimu alikuwa amevaa koti kama mtu anayekwenda mahakamani. Kinyozi aliuliza kama mlango unaweza kuachwa wazi. Fundi aliuacha wazi. Jua la saa tisa liliingia mpaka katikati ya sakafu, na nje watu walikuwa wakipita na mizigo yao, wakicheka, wakiitana.

Zilikuwa zimebaki kurasa thelathini. Chiriku alianza.

Alipogeuza ukurasa wa kwanza, nyuma ya pazia nako ukageuzwa ukurasa.

Alipogeuza wa pili, hivyo hivyo.

Kinyozi alimgusa Fundi goti na kumwonyesha chini kwa kidevu. Pazia lile liliishia shubiri moja juu ya sakafu. Chini yake vilionekana viatu vyeupe vya kazi, vya soli ya mpira. Visigino vilikuwa upande wao. Aliyevivaa alikuwa amesimama akitazama kioo.

"Viatu hivyo viko nyumbani," Chiriku alinong'ona. "Chini ya kitanda. Nimeviona leo asubuhi."

"Nipo, mwanangu," sauti ilisema. "Njoo unisomee huku ndani. Huko mliko siwasikii vizuri."

Chiriku aliinuka. Uso wake ulikuwa umefunguka kama wa mtoto aliyefuatwa shuleni baada ya wenzake wote kuondoka. Fundi alimshika kifundo cha mkono.

"Kaa."

"Mama mdogo, ni yeye."

"Kaa kwanza."

Jua lilikuwa bado sakafuni, lakini mtaa haukusikika tena. Watu walipita mlangoni, midomo ikienda, sauti hakuna.

"Basi niambie tu," sauti ilisema taratibu, kwa upendo. "Mwisho wake ukoje? Inaishaje?"

Fundi alihisi baridi ikimpanda mgongoni. Halafu, kabla baridi haijafika shingoni, ikageuka hasira.

"Umesikia anachouliza?" alimwambia Chiriku, mdomo karibu na sikio lake. "Mama yako, unavyomjua, angetaka kuambiwa mwisho?"

Machozi yalikuwa yakimtiririka binti yule. Alitikisa kichwa. Hapana. Akaketi, mwenyewe, bila kusukumwa, na hilo lilikuwa jambo gumu kuliko yote yaliyofanyika siku ile.

"Tukifunge," Kinyozi alinong'ona. "Bibi alisema tukifunge."

"Hatufungi," Fundi alisema. Hakunong'ona. "Kikundi hiki tulikianzisha mimi na rafiki yangu hapa hapa, juu ya sakafu hii. Hakitavunjwa na kitu kilichoazima sauti yake. Mwalimu, pokea kitabu."

Mwalimu alipokea. Akasoma kwa sauti ile aliyokuwa akiitumia kunyamazisha darasa la wanafunzi sitini. Nyuma ya pazia, sauti ikaanza kusoma naye, neno kwa neno. Mistari michache baadaye ikawa mbele yake kwa neno moja. Halafu kwa mawili. Mwalimu alijikuta anasoma kama mtu anayefuata imla.

Kinyozi alimnyang'anya kitabu. Alikuwa akilia waziwazi, bila kusingizia mafua, na akasoma.

Kiatu kimoja kikageuka. Ncha yake ikawaelekea.

Alisoma.

Cha pili kikageuka.

Pazia likaanza kuvimba. Polepole. Kama kitambaa kinachosukumwa na uso.

"Chiriku," Fundi alisema. "Pokea usome. Usimeze mate."

Akasimama. Akachukua mkasi wake mkubwa wa kukatia vitambaa, ule mzito ambao haruhusu mtu yeyote kuushika, akaanza kutembea kuelekea kwenye kona. Hatua sita tu. Kila hatua sauti ile ilimwita jina lake la utotoni, jina ambalo hapa duniani alilijua mtu mmoja tu, na mtu huyo walimzika pamoja na nguo aliyoishona Fundi mwenyewe.

"Jina hilo ulilisikia mahali tu," Fundi alisema. "Hukupewa."

Nyuma yake Chiriku alikuwa anasoma, mbio, bila kituo, bila pumzi, na sasa sauti ya pazia ndiyo iliyokuwa ikiachwa nyuma. Ilidandia maneno. Iliyakosa. Ikatoa mlio ambao haukuwa wa Nesi wala wa mtu.

Fundi akainua mkono, akakata kamba iliyoshikilia pazia.

Pazia lilianguka. Halikufika chini. Kwa muda wa kufumba na kufumbua lilikaa hewani, limefunika kichwa, limefunika mabega. Kichwa kikainama upande, kama anayesikiliza. Kisha kitambaa kikashuka chenyewe, kikatanda sakafuni, na chini yake hapakuwa na kitu.

Chiriku alisoma mpaka neno la mwisho. Alipolitamka, sauti za mtaani zilirudi zote kwa pamoja: pikipiki, redio, mtu akibishana na mwenzake kuhusu nyanya.

"Joka limeruka," Kinyozi alisema hatimaye, na Chiriku akacheka huku analia.

Pale kwenye kona Fundi aliona kwamba kioo kimebaki na alama. Lilikuwa doa la mvuke, la ukubwa wa kiganja, kwenye kimo cha mdomo wa mtu mzima aliyesimama. Alilifuta kwa mkono wa blauzi yake. Halikufutika. Alijaribu gazeti, akajaribu spiriti. Jumatatu akamwita fundi wa vioo, ambaye alipitisha kucha, akasogeza taa, akakuna kichwa.

"Huu mvuke hauko juu, dada. Uko ndani ya kioo. Nikubadilishie?"

"Kiache," Fundi alisema. "Duka ni langu na kioo ni changu. Sikimbii kwangu."

Hakutundika pazia lingine mahali pale. Wateja aliwapeleka kujaribia nguo stoo. Jumamosi iliyofuata, walipokuwa wakichagua riwaya mpya, yule bibi alitokea mlangoni na mkoba wake.

"Mimi sisomi," alitangaza. "Nimekuja kumtazama mjukuu wangu." Akajikalisha karibu na Chiriku, akamshika mkono, na hakuuachia. Kwenye sura ya pili alikuwa wa kwanza kuuliza kwa nini huyo mfalme hajapigwa kofi bado.

Wiki zilipita. Kikundi kiliongezeka, wakaja pia wauguzi wawili waliofanya kazi na marehemu. Hakuna sauti iliyosikika tena. Fundi alianza kuamini kwamba imekwisha.

Ni bibi aliyeona. Ilikuwa saa kumi alasiri, wamefika mahali patamu, Kinyozi akisoma. Bibi aliinua kidole kuelekea kwenye kona.

"Alama ile," alisema kwa sauti ya chini. "Si ilikuwa pale juu?"

Walitazama. Doa lilikuwa limeshuka. Sasa lilikuwa kwenye kimo cha mdomo wa mtu aliyeketi.

Kinyozi alikishusha kitabu. Wote wakamgeukia Fundi. Fundi alikitazama kioo, akainuka, akakiburuta kiti chake na kukiweka katikati ya kona ile na Chiriku. Akaketi, mgongo kwa kioo. Akanyoosha mkono apewe kitabu.

"Akae," alisema. "Kusikiliza tutamsikilizisha. Kumwita mtoto wa watu, hapana." Akatafuta mstari walipoishia, akaanza kusoma kwa sauti kubwa, na hakugeuka.

Wengine waliokuwa wakimtazama waliona. Nyuma ya bega lake, ndani ya kioo, mvuke ulikua. Ukapungua. Ukakua tena. Na kila alipofika mwisho wa ukurasa, ulisimama mpaka ageuze.