Simu ya Lenard

Lenard, rafiki wa marehemu mwanangu Edward, anaishi kwa kucheza poka, karata za kamari, kwenye simu. Mwaka juzi wao wawili walitembea kwa miguu siku tano kutoka Matamba kupitia milima ya Kitulo, na Edward akatumbukia korongoni kwenye ukungu. Msibani Lenard aliniambia, “Mama, alikufa papo hapo.” Nilimshukuru Mungu kwa hilo.

Jumanne jioni wiki hii Lenard alikwenda Makambako kununua chaja, akakaa mgahawani kucheza. Umeme ukakatika, giza likaingia. Ndani ya simu ukasikika upepo, na mtu akihema. Mchezaji mmoja asiye na jina akamwandikia mezani: “Cheza, bingwa. Niliita siku mbili kule korongoni, na ulinisikia, ukaondoka.”

Lenard aliizima simu, akaniletea hapa Njombe, akanisimulia yote, akalia bila kukana. Nimeiweka sikioni ikiwa imezimwa. Upepo unavuma, na mwanangu anaita jina la Lenard polepole, kama mtu aliyechoka.