Mume Wangu na Vyuma vya Jumanne

—Torunn! Weka chini hicho kikapu!

Eivind alitoka bandani mbio, viatu vimejaa matope, akaninyang'anya kikapu cha kuni kana kwamba nimekiiba. Vipande vinne. Nilikuwa nimebeba vipande vinne tu vya kuni.

—Nina kansa ya titi, Eivind. Sijawa yai.

—Umejitazama leo? Macho mekundu hivyo. Nenda kapumzike.

—Nipumzike nini? Sijalala wiki tatu!

—Ndiyo maana nakwambia upumzike.

Mnamwona? Huyo ndiye mume niliyeishi naye miaka ishirini na sita. Tangu Februari, nilipochomekwa dripu ya kwanza ya dawa ya kansa, sijaruhusiwa kushika birika, ndoo, wala mfuko wa viazi. Changu kilichokuwa kimebaki ni kunyanyua vyuma, Jumanne na Ijumaa, pamoja na wagonjwa wenzangu. Daktari mwenyewe ndiye aliyenipeleka. Na huko nako kukafungwa. Paa la ukumbi linavuja, Eivind aliniambia. Yeye ndiye dereva wangu na namba yake ndiyo waliyonayo kule mazoezini, kwa hiyo nilimwamini.

Jumamosi hiyo nikakutana dukani na Marit, mwalimu wetu wa mazoezi. Nilikuwa nachagua jibini ya kahawia.

—Torunn! Tumekukumbuka jamani. Tulisikitika sana ulivyoacha.

—Nimeacha nini?

—Mazoezi. Si mumeo alituandikia?

—Kwani paa halivuji tena?

—Paa gani?

Akanionyesha simu yake.

"Habari Marit. Torunn amechoka, ameamua kuacha. Tafadhali msimtafute, anaona aibu. Eivind."

Naona aibu! Uso uliniwaka moto. Nikairudisha jibini nikatoka. Eivind alikuwa ananisubiri kwenye gari.

—Mbona hujanunua kitu?

—Paa limeshazibwa?

Akazima injini.

—Torunn, nisikilize kwanza...

—Wiki tatu unanidanganya! Aibu ya nini, Eivind? Aibu ya nini?

—Nilikuona! Siku ile nilikuja kukuchukua mapema, nikachungulia. Umeweka chuma mabegani, magoti yanatetemeka, jasho linakutoka, na watu wanakupigia makofi. Nikasema huyu ananifia hapa hapa, na watu wanashangilia.

—Na unajua usiku wake nililala?

—Ulilala?

—Mpaka saa moja asubuhi. Kila nikinyanyua vyuma nalala. Ungejua, kama usingehamia chumba cha wageni.

—Nilihama ili upate nafasi ya kulala!

—Nani alikuomba? Mimi nilijua unalikimbia kovu langu la upasuaji.

Alinigeukia kana kwamba nimempiga kofi.

—Kovu? Mimi? Torunn, kule nalala na sikio ukutani nisikie kama unapumua.

Nikataka kulia, na kule kutaka kulia kukanizidishia hasira. Nampenda huyu mtu, na ananichosha kuliko dripu.

—Basi sikia. Jumanne unanipeleka, na unakaa pale unatazama mwanzo mpaka mwisho. Ukishindwa, nahamia kwa dada yangu Bergen, na usinifuate.

Jumanne akakaa. Mara mbili aliinuka kuja kunishika, mara mbili Marit akamrudisha.

—Eivind, kaa chini. Mwache.

Nikanyanyua kilo thelathini mara nane. Aliyelowa jasho zaidi ni yeye.

Njiani kurudi sikumbuki kitu. Nilipofungua macho, nje kulikuwa na maji na milima nisiyoijua.

—Tuko wapi?

—Sijui vizuri.

—Eivind! Nyumbani si dakika ishirini tu?

—Umelala masaa mawili na robo. Kila nikisimama kwenye taa nyekundu ulikuwa unashtuka. Nikaona bora nitafute barabara isiyo na taa.

—Kwa hiyo umeendesha tu?

—Nimeendesha tu.

Ndipo gari likakohoa mara mbili, likazimika. Mafuta yamekwisha! Kituo cha mafuta kilikuwa mbele yetu, mita kama mia hivi. Nilimtazama. Mtu mzima, mwenye akili zake, ametupeleka wilaya nyingine asiniamshe, na hakuangalia mafuta.

Akashuka, akashika usukani kupitia dirishani, akaegemeza bega mlangoni. Akasukuma. Gari halikusogea. Akasukuma tena mpaka shingo ikamvimba.

—Torunn.

—Nini tena?

Akajifuta jasho.

—Shuka unisaidie kusukuma.