Vumbi Lililoziba Pua ya Insaf

Nyumba ya Fundi Shehata iko Dumyat, kwenye mtaa wa maseremala, pale Nile inapokaribia bahari. Juu wanaishi, chini ni karakana. Asubuhi kazi ikianza, kelele zake huchanganyika na za majirani, mpaka mtu hajui msumeno upi ni wa nani.

Shehata alikuwa akikata mbao na kuunganisha viti. Mkewe, Insaf, alikuwa akivipiga msasa kwa mashine. Hiyo ilikuwa kazi yake kwa miaka kumi na tisa. Kiti kikitoka mikononi mwake, ungeweza kukipitishia soksi ya hariri na isikwame popote.

Jioni Insaf alishika ufagio. Vumbi lilipanda hadi darini, kisha likashuka polepole juu ya kila kitu. Shehata naye alisimama penye ngazi, akachukua mpira wa kompresa na kujipulizia upepo mwili mzima. Sss! Sss! Wingu jeupe likapanda ngazi kabla yake.

"Haya, nimeshaoga," alikuwa akisema kila siku.

Insaf alicheka kila siku. Kisha akapanda juu kupika, na kabla ya kupika akafuta vumbi mezani, kwenye vikombe na kwenye televisheni.

Pua yake ilikuwa imeziba. Alisema ni mafua ya baridi. Baridi ikaisha, joto likaja, mafua yakabaki. Asubuhi alipiga chafya kumi mfululizo, na Shehata kitandani akazihesabu kwa sauti.

Hakuna aliyeona kuwa ni ugonjwa. Mtaa mzima ulikuwa ukipiga chafya.

Ijumaa moja walikuja wageni. Binti yao wa pekee, Shahinaz, alikuwa amechumbiwa na kijana aitwaye Hilal, fundi umeme. Siku hiyo Hilal alimleta mama yake, Bi Ikram, kula chakula kwa mara ya kwanza. Insaf aliamka alfajiri. Alipika bata wawili, akawajaza vitunguu na pilipili manga, akawapaka samli kwa ukarimu. Kwa bata wa Insaf, watu walikuwa wakijialika wenyewe.

Bi Ikram alikula tonge la kwanza. Akanywa maji. Hilal alitafuna polepole, macho kwenye sahani, kama mtu anayemeza dawa. Shahinaz alionja, akainuka haraka.

"Mama, njoo jikoni kidogo."

Jikoni alifunua kopo la samli, akageuza uso.

"Mama! Samli imechacha! Hukusikia harufu?"

Insaf aliinamisha pua ndani ya kopo. Akavuta pumzi kwa nguvu. Hakusikia kitu. Ilikuwa kama kunusa maji.

"Haina harufu," alisema.

"Mama, inanuka hadi sebuleni!"

Insaf alikaa kwenye kigoda. Wageni waliaga mapema, kwa maneno mazuri mno. Bi Ikram alisema ana shinikizo la damu na mafuta yamemshinda. Kila mtu alijua si kweli.

Mlango ulipofungwa, Insaf alilia.

"Nimemwaibisha mwanangu. Watasema mama mkwe hajui hata kunusa samli."

"Usilie, Mama Shahinaz," Shehata alisema. "Mbona bata alikuwa mtamu? Mimi nimekula mapaja mawili."

Shahinaz alimtazama baba yake.

"Baba, hukusikia kitu? Kabisa?"

Shehata aliinuka. Alikwenda jikoni. Walimsikia akifunua kopo, na akivuta pumzi mara moja, mbili, tatu. Aliporudi hakuwa na mzaha.

"Sisi wawili tuna nini?" aliuliza.

Shahinaz alivuka barabara kumwita jirani yao, Bi Dawlat. Bi Dawlat alikuwa amestaafu kutoka kiwanda cha nyuzi za pamba. Huko alikuwa kwenye kamati ya usalama wa wafanyakazi, na wasimamizi walikuwa wakijificha wakimwona anakuja. Alisikiliza yote bila kugusa chai.

"Niambieni. Mkiacha kazi siku chache, pua inafunguka?"

Insaf alifikiri. "Sikukuu ya Idi tulikaa siku tano kwa dada yangu Kairo. Kule nilisikia harufu ya mnanaa. Nilidhani ni hewa ya kule."

Bi Dawlat alicheka. "Hewa ya Kairo ndiyo iliyokutibu? Mama Shahinaz, basi ujue hewa ya humu ndani iko hali gani."

"Ni vumbi la mbao tu, Bi Dawlat," Shehata alisema. "Ni mti. Baba yangu alilivuta maisha yake yote."

"Baba yako alikuwa na randa ya mkono. Randa inatoa maranda makubwa, yanaanguka chini. Mashine hii inatoa unga laini kuliko unga wa ngano. Kesho nitakuja na tochi. Mtaona wenyewe."

Kesho yake alikuja adhuhuri. Alimwambia Insaf apige msasa mguu mmoja wa kiti kwa dakika moja tu. Kisha akafunga mlango na madirisha, karakana ikawa giza. Akawasha tochi.

Kwenye mwanga waliona kile walichokuwa wakikivuta puani. Unga ulikuwa unaelea kama moshi, mzito, ukizunguka taratibu mbele ya nyuso zao. Walisubiri dakika kumi. Bado ulikuwa unaelea.

"Lile mnaloliona sakafuni limeshaanguka," Bi Dawlat alisema. "Hili msiloliona ndilo linaloingia puani na kifuani. Sasa, Insaf, fagia kama unavyofagia siku zote."

Insaf alifagia mara tatu. Mwanga wa tochi ulijaa, hata ukuta wa pili haukuonekana.

Ufagio ulimponyoka mkononi.

"Yaani mimi ndiye niliyekuwa nikilirudisha hewani? Kila jioni?"

"Ulikuwa unasafisha, dada. Hakuna aliyekufundisha njia nyingine."

Shehata alikuwa anatazama ngazi. Vumbi lilikuwa linapanda kuelekea jikoni, lenyewe, bila kupulizwa na mtu.

"Na kompresa yangu je?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hiyo usiniulize nikiwa na hasira."

Kwanza Bi Dawlat aliwapeleka kwa daktari wa pua. Daktari aliwamulika, akasema ndani ya pua kumevimba kwa vumbi la muda mrefu.

"Mbao zenu ni ngumu," alisema. "Vumbi lake likivutwa miaka mingi, linaweza kuleta pumu, hata saratani ya pua. Ninyi hamna saratani. Lakini mkiona damu puani, au tundu moja likaziba na lisifunguke, msikae nyumbani. Njooni."

Aliwapa dawa ya kupuliza puani. Alimfundisha Insaf kuosha pua kwa maji ya chumvi, na akasisitiza maji yawe yamechemshwa na kupoa.

"Harufu itarudi?" Insaf aliuliza.

"Huenda. Dawa peke yake haitoshi mkirudi kwenye vumbi lile lile."

Wiki hiyo karakana ilibadilika. Bi Dawlat aliwaambia vumbi likamatwe pale pale linapozaliwa, kabla halijaelea. Walinunua mashine ya kufyonza vumbi, iliyotumika lakini nzima, yenye kichujio cha vumbi laini. Ile ya kawaida ya nyumbani, alisema, inalifyonza huku na kulitapika kule. Mpira wake waliuunganisha na mashine ya msasa.

Wa kufunga feni ya kutoa hewa alikuwa Hilal. Alikuja bila kuitwa, na kisanduku chake cha vifaa.

"Mama amekutumia salamu," alimwambia Insaf, akiwa juu ya ngazi. "Anasema mjomba wangu ni seremala pia, na anakula chochote anachowekewa. Sasa amejua sababu. Anataka Bi Dawlat aende na kule."

Insaf aliweka mkono kifuani. Wiki nzima hakuwa amepumua vizuri, na safari hii si kwa ajili ya vumbi.

"Feni itazame uani," Bi Dawlat alipiga kelele kutoka chini. "Mkinipulizia nguo zangu kwenye kamba, uchumba nauvunja mimi!"

Ufagio mkavu ulitoka. Jioni Insaf alifyonza, kisha akapangusa kwa tambara bichi. Mlango uliwekwa penye ngazi, ukawa umefungwa daima. Nguo za kazi zilibaki chini kwenye msumari, na hakuna aliyepanda juu kabla ya kunawa uso na mikono.

Barakoa ndiyo iliyoleta ugomvi. Bi Dawlat alikataa ya kitambaa. Alitaka ile ngumu ya vumbi, inayobana pua na mashavu. Shehata aliivaa, akaivua.

"Naonekana kama bata."

"Bata hai," Insaf alisema. "Vaa."

"Na hizo ndevu," Bi Dawlat aliongeza. "Barakoa haikai juu ya ndevu. Vumbi linapita pembeni."

Shehata alishika ndevu zake. Alikuwa nazo tangu harusi. Alikaa nazo siku mbili zaidi, kisha akashuka asubuhi akiwa amezinyoa. Shahinaz alicheka mpaka akakaa chini. Insaf hakucheka. Alimfunga mkanda wa barakoa kwa nyuma, akaukaza, akaangalia pembeni kote.

Chafya zilipungua. Vikombe vikakaa safi toka asubuhi mpaka jioni. Lakini harufu haikuja. Mwezi ukapita, wa pili ukapita. Insaf alinusa kitunguu, sabuni, kahawa. Hakusikia kitu. Hakusema tena habari hiyo, ila kila alipopika alimwita Shahinaz amnusie.

Mwezi wa tatu, asubuhi, alifungua mlango wa karakana na kurudi nyuma.

"Shehata! Kuna kitu kimekufa humu!"

Shehata alikuwa ameinama juu ya sufuria ndogo kwenye moto. "Kimekufa nini? Nachemsha gundi ya ngozi ya ng'ombe. Ya kiti cha zamani cha jirani yetu, Fundi Rizq."

Insaf alikuja, akainama juu ya sufuria, akavuta pumzi. Akakunja uso. Akavuta tena.

"Inanuka," alisema. "Jamani, inanuka vibaya! Inanuka vibaya kabisa!"

Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, na hakutaka kuondoka pale.

Shehata naye aliinama. Alivuta pumzi ndefu, akangoja. Akatikisa kichwa.

"Bado kwangu."

Walitazamana. Kisha akamvutia mkewe kiti, akakipangusa kwa tambara bichi.

"Kaa hapa. Niambie inanukaje."

Insaf akakaa, akafumba macho, akaanza kumwelezea.