Paka wa Mjomba na Taa ya Injini

Taa ya injini iliwaka Jumatatu asubuhi. Kufikia Ijumaa, Mjomba alikuwa amefukuzwa nyumbani. Katika siku hizo tano, mtu mmoja tu alikuwa na neno la kumwokoa, naye alifunga mdomo.

Mtu huyo alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Nyumbani na shuleni walimwita Kasuku, maana alikuwa na maneno kuliko redio.

Baba yake alikuwa dereva wa teksi. Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, la kijivu, lakini ndilo lililowaweka mjini. Lilipumzika chini ya banda la mabati, ubavuni mwa stoo ya unga na mkaa. Kila asubuhi Mjomba, kaka yake Mama, alilipangusa kwa ndoo moja ya maji na kitambaa. Mjomba alikuwa ameanguka kutoka ghorofani akiwa kibarua wa ujenzi, na mguu wake wa kulia uliungwa vibaya. Tangu hapo alitembea kwa fimbo na kulala katika chumba cha nyuma. Hakupenda kula bure, ndiyo maana gari lile liling'aa kuliko umri wake.

Mjomba alikuwa na paka wa madoa aliyeitwa Askari. Askari alipenda kulala juu ya boneti, apate joto la injini. Tatizo ni kwamba alijisaidia palepale bandani, na kazi ya kuzoa ilikuwa ya Kasuku, kila siku kabla ya shule. Akichelewa mstari, wenzake walijua sababu.

"Bibi Afya wa Paka amefika!" walimzomea. "Leo umezoa kilo ngapi?"

Jumamosi moja Kasuku alichoka. Alimtia Askari ndani ya gunia, akavuka naye barabara kuu mpaka sokoni, akamwacha nyuma ya mabanda ya wauza nyama. Kisha alirudi nyumbani akiruka kamba.

"Kasuku, umemwona Askari?" Mjomba aliuliza jioni.

"Sijamwona tangu jana, Mjomba. Labda ameoa."

Kwa siku tatu Mjomba alizunguka vichochoroni na fimbo yake, akiita, "Askari! Askari!" Watoto wa mtaa wakaanza kumjibu wakiwa wamejificha: "Naam, afande!" Kasuku alikuwa miongoni mwao. Alicheka mpaka akashika tumbo.

Wiki mbili zikapita. Asubuhi moja, akifagia bandani, Kasuku alisikia kitu kikikwaruza ndani ya boneti. Chini ya gari aliona vinyesi vidogo vyeusi, vimetapakaa kama punje za mchele ulioungua. Alisimama akitazama, ufagio mkononi. Angesema panya, wangeuliza paka. Akavifagia, akaenda shule.

Jumatatu ya wiki iliyofuata, taa ya njano yenye umbo la injini ikawaka mbele ya usukani. Gari likaanza kushtuka-shtuka na kukosa nguvu kama punda aliyegoma. Baba alilipeleka kwa fundi wa kando ya barabara, ambaye madereva walimwita Bahatisha. Bahatisha hakupima chochote. Aliinamisha kichwa, akasikiliza injini kama anayesikiliza umbea, kisha akatikisa kidole.

"Sensa imekufa. Ile inayopima hewa ya injini. Nunua mpya."

Baba akanunua. Bahatisha akaifunga, akaizima ile taa kwa kimashine chake. Taa ililala nusu siku, ikaamka. Alhamisi gari likazimika katikati ya njia, na abiria akashuka akitukana. Baba alipomrudia Bahatisha, fundi hakukosa jibu.

"Basi hayo ni maji, kaka. Kuna mtu anaimwagia injini maji. Gari lako linaoshwa na nani?"

Ijumaa jioni Baba aliingia uani bila salamu. Mjomba alikuwa amekaa kwenye kigoda, anasuuza kitambaa.

"Shemeji, nilikwambia nini kuhusu maji na injini?"

"Uliniambia nisiyapeleke huko. Sijayapeleka. Boneti hata sijawahi kuifungua."

"Kwa hiyo injini imejiogesha yenyewe?"

Mama alitoka jikoni. "Baba Kasuku, huyu ni kaka yangu. Punguza sauti."

"Kaka yako ndiye anayetulisha? Kinachotulisha ni hilo gari, na ameliua! Leo asilale hapa."

Mjomba hakubishana. Alimgeukia mtoto. "Kasuku, wewe hufagia hapa kila asubuhi nikilipangusa gari. Umewahi kuniona nikifungua boneti?"

Kasuku alitazama vidole vya miguu yake. Siku hiyo redio iliisha betri.

"Sijui," alisema. "Mimi nafagia tu."

Mjomba aliitikia kwa kichwa, polepole. Alikikamua kitambaa, akakitundika kwenye ukingo wa ndoo kama kawaida yake, akaingia chumbani. Alitoka na mfuko mmoja na fimbo. Hakuna aliyemsindikiza isipokuwa Mama, naye aliishia mlangoni.

Wiki nzima gari lilikaa bandani. Jumamosi lilivutwa kwa kamba mpaka gereji ya fundi wa umeme wa magari, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Walimwita Mama Waya. Kasuku aliandamana na baba yake, amebeba chupa ya chai.

Mama Waya alichomeka kimashine chake cha kusoma hitilafu chini ya usukani, akasoma.

"Ni sensa ya hewa?" Baba aliuliza.

"Mashine imetaja njia ya umeme ya sensa ya hewa. Kutaja njia si kusema sensa imekufa. Ukibonyeza kengele mlango usifunguliwe, utasema mwenye nyumba amefariki? Labda kengele haina umeme."

Aliichomoa soketi ya sensa, akagusisha ncha za mita yake ya umeme. Sindano haikusogea. "Umeme haufiki hapa. Sensa yako mpya ni nzima. Hata ile ya zamani ilikuwa nzima. Uliitupa?"



Mama Waya alilifuata fungu la nyaya kwa vidole, sentimita kwa sentimita, mpaka kwenye kifuniko cha plastiki juu ya injini. Alipokifungua, harufu ya mkojo ikawapiga usoni. Ndani mlikuwa na kiota: vipande vya gunia, sifongo, maganda ya mahindi. Kando yake, nyaya nne zimetafunwa, shaba inaonekana.

"Bahatisha alisema ni maji," Baba alisema.

"Maji huacha kutu ya kijani. Haya ni meno." Alimsogezea waya mmoja auone. "Panya hawa wamekaa hapa wiki kadhaa, wamestarehe kabisa. Kwenu hakuna paka?"

"Alikuwepo. Wa shemeji yangu. Alipotea tu."

"Paka aliyeshiba na kupewa jina hapotei tu, baba."

Chupa ya chai ikaanguka. Baba akageuka. Kasuku alikuwa analia, na maneno yote aliyoyafungia yakamtoka kwa mkupuo: gunia, soko, vinyesi, "sijui". Baba hakumpiga. Angempiga ingekuwa afadhali. Alimtazama tu kama anamwona kwa mara ya kwanza, kisha akakaa juu ya tairi kuukuu, akashika kichwa.

"Nimemfukuza mlemavu kwa kosa la panya," alisema.

Baada ya kuuliza mtaani, walimkuta Mjomba kwenye yadi ya mbao, akiwa mlinzi. Alikuwa akilala juu ya masalio ya mbao, chini ya turubai linalovuja, na mguu mbovu ulikuwa umevimba kama gogo. Baba aliomba radhi mbele ya vibarua wote, akaeleza habari za panya na za gunia. Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza Kasuku jambo moja tu.

"Ulimwacha wapi?"

Wakaenda sokoni pamoja, kwa mwendo wa fimbo. Muuza nyama mmoja alikumbuka.

"Yule wa madoa? Alikanyagwa na lori, siku ya pili tu. Kila saa alikuwa anajaribu kuvuka barabara kurudi upande ule." Akaelekeza kisu upande wa mtaa wao.

Mjomba alisimama akiitazama barabara. Alipozungumza, sauti yake haikupanda.

"Kasuku, panya alikata waya kwa sababu ni panya, ndivyo alivyoumbwa. Baba yako alikosea kwa hasira na ameungama. Lakini wewe nilikuuliza, na ulikuwa unajua. Anayenyamaza mwenzake akiadhibiwa kwa kosa lake, mkono wake umo kwenye fimbo inayompiga. Kuzoa uchafu wa paka ni kazi ya dakika tano, mwanangu. Uchafu wa uongo huzolewa mpaka lini?"

"Rudi nyumbani, Mjomba. Nitazoa hata wa paka kumi."

"Nitakuja kuwasalimia. Lakini kulala, hapana. Nimeshaiona nyumba ile ikinitazama na kusema haijui."

Mama Waya aliunga nyaya, akazivika mpira mgumu, na taa ya injini haikuwaka tena. Siku hizi Kasuku hutega mitego mitatu bandani kila jioni, na kila asubuhi kabla ya shule huitegua na kuwatupa panya waliokufa. Wengine huwa bado hai. Bahatisha yuko palepale kando ya barabara, anasikiliza injini za watu.

Hesabu yote ni hii: nyaya nne, sensa moja ambayo haikuhitajika, siku tisa bila abiria, paka mmoja, mjomba mmoja.